Fikira Zetu na Maradhi ya Nafsi



Somo la safari hii limetokana na kosa letu wenyewe, wala haitakuwa insafu kuwafundisha watu na huku tumelificha kosa. Alikuwako ndugu yetu mmoja katika darasa letu, mtu wa bidii, hakosi kuja, na duka lake halifungi ila wakati wa sala. Kisha akaanza kupungua. Alikosa wiki moja, kisha mbili, kisha mwezi mzima. Duka likawa halifunguliwi mpaka jua limepanda, na siku nyengine halifunguliwi kabisa. Tulipokwenda kumzuru tulimkuta amelala ameelekea ukutani. Hana homa wala jeraha, na chakula kimefunikwa hakikuguswa.

Tukamwambia maneno tuliyodhani kuwa ni nasaha. Mmoja wetu alimwambia huo ni uvivu. Wa pili akamwambia imani yake imepungua. Wa tatu akamtaka awatazame walio katika dhiki kuliko yeye. Tukaondoka tumeridhika. Baadaye, alipokwisha kutibiwa na kurejea katika hali yake, alitwambia ya kuwa usiku ule ulikuwa mbaya kwake kuliko nyusiku zote, kwani maneno yetu yalikuwa ndiyo yale yale aliyokuwa akijiambia mwenyewe mchana kutwa: kwamba yeye ni mvivu, hafai kitu, na Mola wake amemwacha. Adui alikuwa ndani ya kichwa chake akimshitaki, nasi tukaenda tukamtolea ushahidi adui.

Basi tumeona ni wajibu kujifunza, na kuwafunza wenzetu, khabari za tiba aliyotibiwa ndugu huyu. Yaitwa tiba ya fikira na vitendo.

Asili ya tiba hii

Katika mji wa Philadelphia, Marekani, alikuwako tabibu wa maradhi ya nafsi jina lake Aaron Beck, aliyezaliwa mwaka 1921 akafa mwaka 2021, naye ametimia umri wa miaka 100. Tabibu huyu alisomea njia iliyokuwa ikitumika sana zama zake, nayo ni kumlaza mgonjwa kitandani, aseme kila linalompitia moyoni, na tabibu atafute yaliyofichikana tangu utoto wake. Walimu wa njia ile walisema kuwa huzuni nzito ni ghadhabu ambayo mtu ameigeuza juu ya nafsi yake. Beck alitaka kuthibitisha kauli hiyo, akachunguza ndoto za wagonjwa wake. Hakuiona ghadhabu waliyoisema walimu. Aliyoyaona ni kushindwa, kupotewa na kukataliwa.

Kisha akagundua jambo la pili. Alikuwa na mgonjwa mwanamke aliyekuwa akimweleza mambo yake huku ametaharuki. Beck alidhani taharuki ile yatokana na mambo anayoyaeleza. Alipomuuliza, akapata kujua kuwa wakati wote ule mwanamke yule alikuwa na fikira nyengine ipitayo chini chini: kwamba anamchosha tabibu kwa maneno yake. Fikira hiyo ndiyo iliyomtia taharuki, wala hakuna aliyemuuliza khabari zake. Beck alipowauliza wengine, aliona kila mmoja ana fikira za namna hiyo, fupi, za haraka, zinazojileta zenyewe bila ya kuitwa, na mwenyewe huziamini bila ya kuzipima. Mwenye huzuni nzito huwa na fikira mbaya za mambo matatu: nafsi yake, ulimwengu unaomzunguka, na siku zake zijazo. Mwaka 1979 Beck na wenzake walitoa kitabu kilichoeleza namna ya kuitibu huzuni kwa njia hii, kikaenea duniani. Huko New York naye Albert Ellis alikuwa ameshika njia iliyo karibu na hiyo tangu mwaka 1955.

Asidhani msomaji kuwa mlango huu haukuwahi kubishwa kabla yao. Beck mwenyewe aliwataja wanafalsafa wa kale wa Kiyunani kuwa ni asili ya mawazo yake. Nasi tuna haki ya kumtaja Abu Zayd al-Balkhi, aliyezaliwa kiasi cha mwaka 850 karibu na mji wa Balkh, katika nchi iitwayo leo Afghanistan, akafa mwaka 934. Aliandika kitabu kiitwacho Masalihu 'l-Abdan wa 'l-Anfus, yaani maslaha ya miili na nafsi. Akawalaumu matabibu wa wakati wake kwa kuushughulikia mwili na kuiacha nafsi, hali ya kuwa kimoja kikiugua chenziwe huumia. Alieleza milango ya ghadhabu, hofu, huzuni na wasiwasi. Alifarikisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile imjiayo mtu asijue imetoka wapi. Na alishauri kwamba, kama vile mtu mzima wa afya awekavyo dawa nyumbani kwa dharura ya mwili, ajiwekee pia fikira njema akiwa katika utulivu, apate kuzitumia nafsi itakapochafuka. Kitabu hicho kilibaki Istanbul kwa muda mrefu kikijulikana na wachache. Mwanachuoni wa Sudan, Malik Badri, ndiye aliyekitangaza sana, akaitafsiri sehemu yake ya nafsi kwa Kiingereza mwaka 2013.

Lakini tusivuke mpaka wa haki kwa kujifakhirisha. Balkhi aliiona njia. Walioifanya tiba yenye mpango na vikao, wakaijaribu kwa hisabu juu ya wagonjwa wengi, ni hawa wa karne ya 20. Kila mmoja apewe lake.

Msingi wake

Tuchukue mfano. Mtu apita Ndia Kuu, amwona rafiki yake upande wa pili, amtolea salamu, naye haitiki. Tukio ni hilo moja. Wa kwanza akisema moyoni, "Amenidharau," atakasirika. Wa pili akisema, "Nimemkosea nini? Watu wote wananichukia," atahuzunika na kujificha ndani. Wa tatu akisema, "Huenda hakunisikia, au ana jambo limemshughulisha," atakwenda zake kwa salama, na jioni atapita kumjulia hali. Salamu ni ile ile, na rafiki ni yule yule. Kilichowatenga watatu hawa ni maana waliyoipa salamu isiyoitikiwa.

Basi mwalimu wa tiba hii humfundisha mgonjwa kuyatenga mambo matano yaliyokuwa yamechanganyika: tukio lenyewe, fikira iliyopita, hisia iliyofuata, hali ya mwili, na kitendo alichokitenda. Mambo haya huzunguka kama gurudumu. Fikira ya kuwa hafai humletea huzuni, huzuni humwondolea usingizi na nguvu, kwa kukosa nguvu hufunga duka, na duka likifungwa, fikira yapata hoja mpya, yamwambia: "Sikukwambia ya kuwa hufai?" Hisia haziamrishwi, hakuna awezaye kuuamrisha moyo ufurahi ukafurahi. Lakini fikira yaweza kupimwa, na kitendo chaweza kubadilishwa. Hapo ndipo gurudumu linaposhikwa.

Makosa yanayozoeleka

Fikira hizi zina makosa yanayorudi rudi. Sisi tumeyapa majina ya kwetu yapate kukumbukika.

1. Kupiga ramli: mtu kuhukumu kuwa jambo litaharibika, nalo halijafika.

2. Kusoma nyoyo: kudai kuyajua yaliyomo vifuani mwa watu, nao hawakusema.

3. Yote au hakuna: asipokuwa wa kwanza hujiona si kitu.

4. Moja kuwa elfu: akishindwa mara moja husema, "Mimi sikuzote hushindwa."

5. Kutupa jema: akisifiwa husema wamemwonea huruma tu, akilaumiwa hulishika neno hilo mwaka mzima.

6. Kuifanya hisia kuwa shahidi: "Najiona mwenye hatia, basi bila shaka nimekosa."

Hakuna miongoni mwetu asiyefanya moja katika haya. Tafauti ya mgonjwa ni kuwa kwake yamekuwa ndiyo miwani, kila kitu akionacho hukiona kwa rangi yake.

Kuipima fikira

Tiba hii haimwambii mgonjwa ajidanganye kwa maneno matamu. Yamfundisha kuifanyia fikira kama kadhi amfanyiavyo mdai. Kadhi hamhukumii mtu kwa sababu amepiga kelele, humuuliza, "Mashahidi wako wako wapi?" Kisha huusikiza na upande wa pili.

Ndugu yetu ametupa ruhusa kulieleza daftari lake. Fikira yake ilikuwa: "Duka litaanguka, nami si mtu wa kufaa." Akatakiwa aandike mashahidi wa fikira hiyo. Akaandika: mauzo yamepungua miezi mitatu, na kuna deni la tajiri wa jumla. Akatakiwa aandike mashahidi wa upande wa pili, akakaa kimya kwa muda mrefu, kwani alikuwa hajapata kuwauliza. Kisha akaandika: duka limesimama miaka 11, majirani zake wawili nao wamepungukiwa, tajiri yule hajamdai kwa ukali, watoto hawajafukuzwa skuli, na mwaka wa nyuma alimdhamini kijana mmoja akapata kazi. Mwisho akaandika hukumu: "Biashara imepungua, na deni ni la kweli, yataka nilipange. Lakini kupungukiwa miezi mitatu si kuanguka, wala thamani ya mtu haiandikwi katika daftari la mauzo."

Tazameni, deni halikukanushwa. Lililo kweli katika fikira hutengenezewa shauri, na lililozidi hukatwa.

Upande wa vitendo

Wengi husema, "Nikipata hamu nitafanya." Kwa mwenye huzuni nzito mambo huwa kinyume: kitendo hutangulia, na hamu hufuata nyuma. Kwa hivyo ndugu yetu hakuambiwa afungue duka kutwa. Aliambiwa ufunguo uingie mlangoni baada ya alasiri, akae nusu saa, kisha afunge. Wiki ya pili saa moja. Akaongezewa kukaa barazani kwa kikombe kimoja cha kahawa, hata kama hana la kusema. Kila siku aliandika alichokifanya na namna alivyojiona, naye akashangaa kuona kuwa siku alizotoka zilikuwa nyepesi kuliko siku alizokaa ndani akijipumzisha.

Hofu nayo ina njia yake. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtu anayekiogopa kivuko cha Likoni hata akaacha kwenda kumzuru mama yake ng'ambo, kila akirudi njiani hupata raha, na raha hiyo ndiyo inayomlisha hofu, kwa kuwa humfundisha kuwa ameokoka kwa kukimbia. Hupangiwa daraja: leo asimame ufukweni atazame feri ikija na kwenda, baadaye aingie pamoja na nduguye, mwisho avuke peke yake. Katika kila daraja hungoja bila ya kukimbia. Hofu hupanda, husimama, kisha hushuka yenyewe, na moyo hujifunza lile ambalo maneno hayakuweza kuufundisha.

Wasiwasi wa udhu

Hapa twataka kutua kidogo, kwani maradhi haya yamo miskitini mwetu na watu huyacheka. Mtu huosha mkono mara ishirini. Huirudia takbira mpaka imamu amerukuu. Hurudi nyumbani kutazama mlango alioufunga. Twamwita "mwenye wasiwasi", tukapita. Naye yumo katika mateso, huenda amechelewa kazini, na ngozi ya mikono imepasuka kwa maji.

Mwaka 1966 Victor Meyer, wa hospitali ya Middlesex mjini London, alieleza namna alivyowatibu wagonjwa wawili wa aina hii. Aliwakabilisha na kile wanachokiogopa, kisha wakazuiliwa kufanya lile tendo la kurudia rudia. Shaka ilipanda sana, kisha ikapungua bila ya kuosha. Tangu hapo njia hii imekuwa ndiyo nguzo ya tiba ya wasiwasi. Kwa mwenye wasiwasi wa udhu, maana yake ni kuosha kama ilivyowekwa, mara tatu bila ya kuzidisha, kisha aondoke na shaka yake moyoni, asiitii wala asibishane nayo. Na jamaa zake wasimwitikie kila amuulizapo, "Je, umeniona nikiosha?" Kumjibu mara ya kumi si huruma, ni kumuongezea kuni motoni. Lakini asiachwe ajaribu peke yake. Yataka mwalimu anayeijua kazi.

Imethibiti kwa vitendo?

Huenda msomaji akasema kuwa hii ni tiba ya matajiri wa Ulaya. Katika Pakistan, wilaya ya Rawalpindi, vijijini, ilijaribiwa juu ya mama 903 waliokuwa na huzuni nzito katika mimba. Waliowatibu hawakuwa madaktari, bali wanawake wa kazi za afya waliokuwa wakizunguka majumbani, wakafundishwa njia hii kwa muda mfupi. Matokeo yalitolewa mwaka 2008. Miezi sita baada ya kuzaa, katika waliotembelewa kwa njia hii asilimia 23 ndio waliobaki na maradhi. Katika waliotembelewa bila ya njia hii, asilimia 53.

Na hapa petu Kenya, katika mitaa ya pembezoni mwa Nairobi, wanawake zaidi ya 400, wengi wao wamepatwa na jeuri ya kijinsia, walijaribiwa vikao vitano vilivyotengenezwa na Shirika la Afya Duniani, vikiongozwa na wahudumu wa afya wa mitaani. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha kuwa dhiki zao zilipungua kuliko za wale waliopata huduma ya kawaida. Basi hodi haikupigwa kwa majirani tu. Imepigwa na kwetu.

Mipaka yake

Tiba hii si dawa ya kila ndwele. Asikiaye sauti zisizokuwapo, au aliyepotewa na akili, haanzi na daftari, apelekwe hospitali. Huzuni iliyomzuia mtu kula na kulala mara nyingi huhitaji dawa pamoja na vikao, na kutumia dawa si aibu, kama isivyokuwa aibu dawa ya sukari au ya presha. Na atajaye kutaka kujiua asiachwe pekee hata saa moja, wala asigombezwe. Viondolewe vyombo vya hatari, apelekwe kwa tabibu siku ile ile. Kumuuliza waziwazi kama ana nia hiyo hakumtii nia asiyokuwa nayo. Humfungulia mlango wa kusema.

Tena si kila huzuni ni maradhi. Aliyefiliwa akalia hana kosa la fikira la kusahihishwa. Ana msiba, na haki yake ni taazia. Wala mke apigwaye na mumewe haambiwi atazame upya fikira zake akabaki kupigwa. Haki yake ni kuokolewa kwanza.

Maswali yaliyoulizwa darasani

Swali: Kwenda kwa tabibu wa nafsi si dalili ya upungufu wa imani?

Jawabu: Avunjikaye mguu huenda kwa mganga wa mifupa, wala hatumuulizi khabari za imani yake. Nafsi nayo ni kiungo kinachougua. Balkhi aliandika hayo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, naye hakuonekana ametoka katika dini.

Swali: Tiba hii huchukua muda gani?

Jawabu: Aghlabu vikao 12 mpaka 20, kimoja kila wiki, na ziko njia fupi za vikao vitano au sita. Kazi kubwa hufanywa nyumbani baina ya vikao. Asiyeandika daftari hafaidiki sana.

Swali: Nani wa kuendewa?

Jawabu: Anzieni katika hospitali au zahanati ya serikali, mtake kuelekezwa kwa tabibu wa nafsi au mshauri aliyesomea kazi hii. Ajihadharini na ajitangazaye kuwa humaliza kila ugonjwa kwa siku moja kwa fedha nyingi, avae kanzu au koti jeupe.

Khatima

Mficha maradhi kifo humuumbua. Maradhi haya sisi hatuyafichi kwa ajili ya mgonjwa. Twayaficha kwa ajili ya majirani, na mgonjwa ndiye alipaye. Lau usiku ule tungelijua haya tuliyoyaandika, tungelifanya mambo matatu tu: tungelikaa chini badala ya kusimama mlangoni, tungelimuuliza, "Ndugu yetu, moyo wako wakwambia nini?" kisha tukasikiza mpaka mwisho, na kesho yake mmoja wetu angelimshika mkono akampeleka kwa tabibu. Hakuna katika matatu hayo lililohitaji elimu kubwa.

Zoezi la mwezi huu: kila mmoja achukue daftari, apige mistari ya safu tano, na kwa siku saba aandike jambo moja lililomchafua moyo: tukio, fikira, hisia, hali ya mwili, na kitendo. Kisha atafute katika yale makosa sita ni lipi alilolifanya. Tutakutana darasani tusomeane, atakaye. Ndugu yetu aliyetajwa hapo juu ndiye atakayeongoza kikao hicho, kwani katika mlango huu yeye ni mwalimu, na sisi ni wanafunzi.